DISKI MPYA KWA KOMPYUTA YA ZAMANI: TUCHAGUE IPI, NA KWA NINI?

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika kikao cha kamati za sharika na wafadhili, Mabatini, Mwanza



Tumepewa nafasi ya kueleza jambo ambalo kwenye ajenda limeandikwa kwa mstari mmoja tu: "ununuzi wa diski ya kompyuta ya ofisi." Mjumbe mmoja alituuliza mlangoni kama kweli jambo hilo linahitaji kikao. Tunaomba tumjibu mbele yenu. Ndani ya kompyuta hiyo kuna orodha ya watoto wanaolipiwa ada, madaftari ya vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama, kumbukumbu za visima, na taarifa zote za robo mwaka ambazo wafadhili wetu huzitegemea. Diski ikifa bila maandalizi, mtoto anaweza kukosa ada ya muhula kwa sababu jina lake halionekani popote, na kikundi kinaweza kugombana kwa sababu hakuna anayejua nani analipa nini. Kwa hiyo kinachozungumzwa hapa ni uwakili.

Hali ilivyo sasa

Kompyuta yetu ni ya mezani, ya matumizi ya kila siku: hesabu, barua, barua pepe na picha za miradi. Siku hizi ikiwashwa asubuhi, mhasibu anaweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijawa tayari. Fundi aliipima kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo husoma ripoti ambayo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Ripoti ilionyesha rangi ya njano, maana yake tahadhari: kuna sehemu za diski zilizoharibika, na idadi yake inaongezeka. Siku hiyo hiyo, kabla ya kufanya jambo lolote lingine, tulinakili mafaili yote kwenye diski ya nje. Tunaomba kila usharika ukumbuke mpangilio huo: kwanza nakala, halafu fundi, halafu ununuzi.

Kwa nini diski, na si kompyuta nzima?

Baadhi ya marafiki zetu wamejitolea kutununulia kompyuta mpya. Tunawashukuru sana, lakini tulijiuliza kama kweli kompyuta nzima imechoka.

Diski ngumu ya kawaida ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaosogea kutafuta mahali pa kusoma. Teknolojia hii ilianza kuuzwa na kampuni ya IBM mwaka 1956, kwa mashine yenye sahani 50 iliyobeba takribani MB 5 tu, yaani kama picha moja ya simu ya leo. Imetutumikia vizuri, lakini mkono ule lazima usogee kila mara. Kwa sababu hiyo diski ngumu huweza kuokota vipande vidogo vidogo mia moja na ushee tu kwa sekunde, na kompyuta inapowaka huhitaji maelfu ya vipande kama hivyo.

Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Hutumia kumbukumbu ya flashi, jamii ile ile iliyomo ndani ya simu zetu, iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. SSD ya kawaida huokota maelfu mengi ya vipande kwa sekunde. Ndiyo maana kompyuta ya zamani ikibadilishiwa diski huonekana kama imezaliwa upya, wakati akili yake ni ile ile.

Hata hivyo tulipima mambo mawili kabla ya kutumia hata shilingi moja. Kwanza, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali kila kompyuta: inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inadai prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache. Yetu ni ya kizazi cha nane, kwa hiyo inafaa. Usharika wenye kompyuta isiyofaa ufikirie kuweka Linux, au ukubali ule msaada wa kompyuta mpya. Kununua diski nzuri na kuendelea na mfumo usiopata marekebisho ya usalama ni kujenga nyumba bila mlango. Pili, tulitazama kumbukumbu ya RAM. Yetu ni GB 8, inatosha. Penye GB 4, sehemu ya fedha iende huko pia.

Aina za diski zilizopo madukani

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Aina ya kwanza ni SSD ya SATA ya inchi 2.5. Ina umbo la kasha bapa na huunganishwa kwa kebo zile zile za diski ngumu. Kasi yake huishia takribani MB 550 kwa sekunde, kwa sababu njia yenyewe ya SATA haipitishi zaidi ya hapo. Diski ngumu za mezani nyingi huwa kati ya MB 100 na 200.

Aina ya pili ni kipande chembamba kiitwacho M.2, ambacho huchomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Kipimo kinachotumika sana ni 2280, maana yake upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Tahadhari: M.2 ni jina la umbo tu. Vipo vya M.2 vinavyotumia njia ya SATA, na vipo vinavyotumia njia ya NVMe. Vinafanana sana kwa macho, lakini soketi inayokubali kimoja huenda isikubali kingine. Usinunue M.2 kabla ya kusoma kitabu cha ubao mama au kumuuliza fundi aliyeufungua.

Aina ya tatu ndiyo hiyo NVMe. Zile za kizazi cha tatu cha PCIe hufikia takribani MB 3,500 kwa sekunde, na za kizazi cha nne takribani MB 7,000. Namba hizi zinavutia. Lakini mhasibu anayefungua jedwali la hesabu hataona tofauti kubwa kati ya SATA na NVMe, kwa maana faili lake ni dogo na muda mwingi kompyuta inamsubiri yeye. Anayehariri video ndiye atakayeiona. Kama ubao mama una soketi ya NVMe na bei inalingana, nunueni NVMe. Kama soketi haipo, msihuzunike.

Ubao mama wetu hauna soketi ya M.2. Hivyo tunapendekeza SATA ya inchi 2.5. Kuna faida nyingine: kompyuta hii ikifa kesho, diski hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta ya usharika wowote ulio na nafasi ya SATA, au ikatiwa kwenye kasha la USB na kusomwa siku hiyo hiyo.

Ukubwa

Baada ya miaka sita ya kazi, mafaili yetu pamoja na programu yamejaza takribani GB 140. Diski ya GB 240 ingetosha leo, lakini ingeanza kubana mapema. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba SSD haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani kama tunavyofanya kwenye ubao wa chaki. Lazima kwanza ifute fungu zima, na ili ifanye hivyo huhamisha vilivyo hai kwenda mahali patupu. Ikikosa nafasi tupu hufanya kazi nyingi zaidi, hupungua kasi na huchakaa haraka. Tunashauri kuacha wazi walau sehemu moja ya tano. Kwa hesabu hiyo tumechagua GB 500. Ya TB 1 tumeiacha, kwa sababu picha za zamani za miradi mahali pake ni kwenye diski ya akiba.

Uimara

Chembe za flashi huhifadhi biti moja, mbili, tatu au nne kila moja. Kadiri biti zinavyoongezeka ndivyo bei inavyoshuka, na ndivyo uvumilivu wa kuandikwa unavyopungua. Zenye biti tatu huitwa TLC, na zenye biti nne huitwa QLC. Kwa ofisi tunapendekeza TLC.

Kiwanda huandika kiasi ambacho diski imedhaminiwa kuandikwa, kwa kipimo cha TBW, yaani jumla ya terabaiti. Kwa mfano, Samsung 870 EVO ya GB 500 imeandikiwa TBW 300 na waranti ya miaka 5. Samsung 870 QVO ya TB 1, ambayo ni ya QLC, imeandikiwa TBW 360 na waranti ya miaka 3, ingawa ukubwa wake ni mara mbili. Kingston A400 ya GB 480 imeandikiwa TBW 160 na waranti ya miaka 3.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme ofisi yetu inaandika GB 20 kila siku, ambazo ni nyingi kwa kazi za barua na hesabu. TBW 160 ni GB 160,000. Gawanya kwa 20 upate siku 8,000, yaani karibu miaka 22. TBW 300 ni siku 15,000, yaani miaka 41. Ndugu wajumbe, sisi tutastaafu kabla diski haijachakaa kwa kuandikwa. Kwa hiyo msilipie namba kubwa kwa hofu ya kuchakaa. Kinacholipiwa kwa haki ni urefu wa waranti, na pia kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ambamo diski huweka ramani ya mahali kila kitu kilipo. Diski za SATA zisizo na kashe hiyo huanza kujikongoja zinapopewa kazi nyingi kwa pamoja.

Kinachoua SSD katika mazingira yetu ni kitu kingine. Umeme ukikatika wakati ramani ile inaandikwa, diski inaweza kuchanganyikiwa na isionekane tena. Diski za seva huwa na kapasita za kuikinga dhidi ya hali hiyo, lakini bei yake ni ya juu. Sisi wa pwani ya ziwa tunazijua mvua za radi za usiku na umeme wa kwenda na kurudi. Jibu letu ni UPS ndogo inayompa mhasibu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Aidha, diski ngumu mara nyingi hulia kabla ya kufa, hukwaruza na kugonga. SSD mara nyingi hufa kimya kimya. Mwenye SSD hana budi kuwa na nakala.

Bidhaa bandia na bei

Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu za kompyuta zilipanda duniani kote, kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Mwezi Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuacha biashara ya bidhaa za Crucial kwa wateja wa kawaida, ingawa ilisema itaendelea kuheshimu waranti zake. Mambo mawili yanafuata. Proforma ya miezi sita iliyopita haifai kupangia bajeti. Kila proforma iwe na tarehe na muda wa bei kudumu. Na diski yenye uwezo mkubwa inayouzwa kwa bei ya kutupa ishukiwe mara moja. Zipo diski za nje zinazodai kuwa na terabaiti nyingi, kumbe ndani zimewekewa kadi ndogo ya kumbukumbu na kudanganya kompyuta. Ukizijaza, mafaili ya mwanzo hupotea bila taarifa.

Njia ya kujikinga ni rahisi. Nunua kwenye duka linalotoa risiti ya EFD. Linganisha namba ya bidhaa iliyo kwenye diski na tovuti ya kiwanda kabla hujaondoka. Ukifika ofisini, jaribu uwezo wake wote kwa programu za bure za H2testw au F3 kabla hujaweka faili lolote. Ukikuta ni bandia, irudishe ukiwa na risiti, na ujue kwamba Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kushughulikia bidhaa bandia hapa nchini.

Siku ya kubadilisha

Fundi atanakili diski ya zamani kwenda mpya kwa Clonezilla, ambayo ni programu ya bure. Kwa kuwa ya zamani ina sehemu mbovu, huenda unakili ukakwama. Ikiwa hivyo ataweka mfumo upya, na mafaili yatatoka kwenye nakala tuliyokwisha kuifanya. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa kuirejesha uandikwe kwenye karatasi na kuwekwa kwenye kabati la fedha kabla ya bisibisi kugusa kompyuta.

Halafu kuna ile diski iliyotolewa. Tunaomba mtusikilize vizuri hapa. Kufuta faili au kuifomati diski kwa haraka hakuondoi yaliyomo. Huondoa faharasa tu, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Majina ya watoto, hali zao za kiafya na namba za simu za walezi bado yamo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatubana sisi pia, na ipo Tume inayoisimamia. Diski ya zamani itafungiwa kabatini kwa miezi mitatu, mpaka tuhakikishe hakuna kilichosahaulika. Kisha sahani zake zitatobolewa mbele ya wajumbe wawili na kuandikwa kwenye muhtasari. Haitauzwa, wala haitapewa kijana wa chuma chakavu.

Kwa ile mpya tutawasha usimbaji wa mafaili tangu siku ya kwanza. SSD huwa na akiba ya nafasi iliyofichwa ambayo kufuta kwa kawaida hakuifikii, kwa hiyo ni salama zaidi kama kila kilichoandikwa humo tangu mwanzo hakisomeki bila neno la siri.

Nakala tatu

Kanuni tunayoipendekeza kwa sharika zote ni hii: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Ya kwanza ni kwenye kompyuta yenyewe. Ya pili ni kwenye diski ngumu ya nje inayochomekwa kila Ijumaa na kuchomolewa. Mtashangaa kwamba tunarudi kwa sahani zinazozunguka. Sababu ni kwamba flashi hushikilia chaji ya umeme, na chaji huvuja polepole. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinadai SSD ya matumizi ya kawaida, ikiwa imefikia mwisho wa uandikaji wake, itunze taarifa bila umeme kwa mwaka mmoja katika nyuzi 30 za joto. Diski mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi, lakini hata hivyo SSD iliyosahaulika kabatini si ghala la kutegemea.

Ya tatu itakaa kwenye usharika mwingine, ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi limewaondolea ndugu zetu wa upande wa Sengerema foleni ya kivuko. Bahasha yenye diski inaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo pamoja na mjumbe anayekuja kwenye kikao.

Mapendekezo

Tunaomba kikao kiridhie mambo yafuatayo:

1. Inunuliwe SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 500, aina ya TLC yenye kashe, waranti ya miaka 5, kwa proforma tatu zenye tarehe.

2. Inunuliwe UPS ndogo pamoja na diski ngumu mbili za nje kwa ajili ya nakala. Fedha zikipungua, ipunguzwe diski ya kompyuta iwe ya waranti ya miaka 3, lakini vifaa vya nakala visiguswe.

3. Kila robo mwaka, katibu arejeshe faili moja kutoka kwenye nakala mbele ya mtunza hazina. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

4. Kila usharika ulete orodha ya kompyuta zake: umri, prosesa, RAM, aina ya diski, na tarehe ya nakala ya mwisho.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja la upole. Tunafahamu kwamba kompyuta mpya hupendeza kwenye picha ya makabidhiano, na kwamba bajeti nyingi zina fungu la vifaa lakini hazina fungu la matengenezo. Turuhusuni kutumia sehemu ya fungu la vifaa kwa diski, UPS na nakala. Hakutakuwa na utepe wa kukata. Mtakachoona ni taarifa ya robo mwaka ikiwafikia kwa wakati, na jina la kila mtoto likiwa mahali pake.

 Sasa tunakaribisha maswali.